Jina Moja, Kadi Mbili

Ndugu msomaji, huenda nawe umepata kuingia dukani ukiwa na fedha mfukoni na aibu moyoni. Fedha zinakusukuma ununue, na aibu inakuzuia usiulize. Mimi yalinikuta mwaka jana huko Kariakoo, nami nayasimulia hapa ili yasije yakakukuta wewe.

Nyumbani kwangu naishi na mke wangu, binti yetu Neema, na mdogo wangu Idi, ambaye tangu baba yetu afariki amekuwa mikononi mwangu. Idi anajifunza kuchora nyumba kwa kompyuta. Huchora kuta, paa, madirisha na hata miti ya uani, kisha huizungusha nyumba hiyo katika kioo ili mwenye kiwanja aione kila upande kabla tofali la kwanza halijawekwa. Lakini kompyuta yetu ni kuukuu. Kila alipoizungusha nyumba, picha iligoma. Na wakati huo alikuwa amepata mtu wa kwanza wa kumlipa, kwa sharti kwamba mchoro uwe tayari kabla ya mwisho wa mwezi.

Ikasadifu kuwa Mama Neema amepokea zamu yake ya upatu. Alinikabidhi fedha zile akasema tu, "Baba Neema, mnunulie shemeji hicho kifaa chake." Idi akaandika mahitaji yake katika kipande cha karatasi, akaomba tufuatane. Nikamwambia abaki aendelee na kazi. Ukweli, ndugu msomaji, ni kwamba sikupenda muuzaji aone kaka mtu akielekezwa na mdogo wake.

Dukani nilitaja jina tu: kadi ya picha, GeForce GT 1030. Muuzaji akaweka maboksi mawili juu ya meza. "Zote ndizo, kaka," akasema. "Hii ni ya DDR4, ile ni ya GDDR5. Ile imezidi bei kidogo." Akanyamaza, akingoja nimwulize. Nikatikisa kichwa kama mtu ajuaye, nikachukua ya bei nafuu. Karatasi ya Idi ilikuwa katika mfuko wa shati, nami sikuigusa.

Hebu sasa nikueleze nilichopaswa kukijua siku ile. Kadi ya picha ni kama kompyuta ndogo ndani ya kompyuta, na kazi yake ni kupiga hesabu ya kila nukta unayoiona katika kioo. Kampuni ya NVIDIA ilitoa GT 1030 yenye kumbukumbu ya aina ya GDDR5 mwaka 2017. Mwaka 2018 ikafuata nyingine, yenye jina lilelile, ila kumbukumbu yake ni ya DDR4. Zote mbili zina viini 384 vya kupigia hesabu. Zote zina kumbukumbu ya gigabaiti 2. Zote hupata umeme kutoka tundu zinamochomekwa, pasipo waya wa ziada. Hata njia itokayo katika kumbukumbu kwenda katika viini ina upana uleule, biti 64. Mpaka hapo utaapa kuwa ni mapacha.

Tofauti imo katika mwendo wa njia hiyo. Katika kadi ya GDDR5 kila uzi hupitisha biti bilioni 6 kwa sekunde. Zidisha kwa 64, kisha gawanya kwa 8, maana biti nane ndizo baiti moja. Utapata gigabaiti 48 kwa sekunde. Katika kadi ya DDR4 kila uzi hupitisha biti bilioni 2.1 tu, na hesabu ileile inakupa gigabaiti 16.8. Ya kwanza inaizidi ya pili karibu mara tatu.

Fikiria majiko mawili ya shughuli. Wapishi ni idadi moja na masufuria ni sawa, lakini bomba la jiko moja linajaza ndoo tatu wakati la jiko la pili linajaza moja. Wapishi wa jiko la pili si wavivu. Wamesimama wakingoja maji. Ndiyo maana wapimaji waliozishindanisha kadi hizi mwaka 2018 walikuta kwamba, katika michezo kadhaa ya kompyuta, ile ya DDR4 ilitoa nusu tu ya picha za mwenzake kwa sekunde, na pengine hata pungufu ya nusu.

Haki itendeke: kadi ya DDR4 nayo ina mahali pake. Imekadiriwa kutumia wati 20, na mwenzake wati 30. Kwa mtu anayepiga chapa barua au kutazama filamu jioni na wanawe, inamtosha sana. Kosa si la kadi, bali la mtu aliyeipeleka kwenye kazi isiyo yake.

Jioni ile Idi aliichomeka, akafungua mchoro wake. Nyumba ilizunguka kwa kushtukashtuka, kama gari lenye dereva mwanafunzi. Jirani yetu anayo kadi yenye jina hilohilo. Akatuazima kwa saa moja. Tukaitia katika kompyuta ileile, tukafungua mchoro uleule, na nyumba ikazunguka taratibu bila kukwama, miti na yote. Hapo ndipo Idi alipoligeuza boksi letu, akasoma ubavuni, akalirudisha mezani polepole. "Haidhuru, kaka," akasema. Angalinilaumu ningalipata la kujibu.

Siku ya pili Mama Neema alikuwa akifua. Akanijia na kipande cha karatasi kilicholowa, maandishi yake yakisomeka bado: "GT 1030 ya GDDR5, si ya DDR4." Hakusema neno. Nilimweleza yote, tangu muuzaji alipoyaweka maboksi mezani hadi nilipotikisa kichwa. Mimi ambaye kazi yangu ni kuwauliza watu maswali kutwa nzima nilishindwa kuuliza swali moja, nikazitumia vibaya fedha alizozidunduliza kwa miezi.

Idi aliukamilisha mchoro kwa kuificha miti na samani wakati wa kuchora, na kuirejesha mwishoni, akikesha usiku hadi usiku. Akaufikisha siku moja kabla ya muda. Katika malipo yake ya kwanza alimtengea Mama Neema sehemu, naye akaikataa, akaniangalia mimi. Tangu mwezi ule ninazirudisha kidogo kidogo.

Basi, ndugu msomaji, jina juu ya boksi lisikutoshe. Soma aina ya kumbukumbu, soma upana wa njia yake na mwendo wake, kisha jiulize kifaa kinakwenda kufanya kazi gani. Na usipofahamu, uliza, hata mbele ya mdogo wako. Waswahili wamekwisha kutuambia kwamba kuuliza si ujinga. Mimi methali hiyo niliijua tangu utotoni; siku ile niliiacha mfukoni pamoja na karatasi.