Jamaa aliyeanzisha Street Fighter, jina lake likawekwa kapuni

Wadau, leo ubuyu wa wasanii wetu naupumzisha kidogo. Tumwongelee mzee mmoja wa Japani ambaye kazi yake umeshaicheza, ila ukiulizwa jina lake unabaki umekodoa macho.

Ingia banda la gemu hapa Chalinze, mtaje Ryu au Ken. Hata dogo wa darasa la nne atakuonyesha ule moto unavyotupwa. Sasa muulize nani aliwatengeneza. Kimya.

Anaitwa Takashi Nishiyama. Mwaka 1984, akiwa kampuni ya Irem, alitengeneza Kung-Fu Master, ile ya jamaa anapanda ghorofa tano na kila ghorofa ina mbabe wake. Akahamia Capcom, na mwaka 1987 akaongoza kazi ya Street Fighter ya kwanza kabisa. Ryu, Ken, Hadouken, vyote vilianzia pale. Cheki sasa orodha ya walioitengeneza: Nishiyama humkuti. Utakuta "Piston Takashi". A.k.a. tu! Enzi zile kampuni za gemu Japani zilikuwa zinaficha majina ya mafundi wao, zikiogopa wapinzani watawanyakua.

Na kweli akanyakuliwa. Alienda SNK pamoja na watu wa timu yake. Mwaka 1991 Capcom wakatoa Street Fighter II, ikatikisa dunia, na yeye hayupo. Ingekuwa Bongo tungeshasema mzee kafulia. Mwaka huohuo akaibuka na Fatal Fury. Mwaka 1994 SNK wakaleta The King of Fighters, ile ambayo wengine tunaicheza kwenye simu mpaka leo. Yaani yale mabishano ya Capcom na SNK nani mkali, kumbe mbegu za pande zote mbili kapanda mtu mmoja.

Mwaka 2000 akafungua kampuni yake, Dimps, kule Osaka. Ilipofika 2008 ikatoka Street Fighter IV, na Capcom waliitengeneza kwa kushirikiana na Dimps. Mtoto aliyemzaa 1987 karudi mikononi mwake, safari hii yeye ndiye bosi.

Stori hii imenigusa kwa sababu mimi natengeneza makava ya nyimbo. Kuna msanii mmoja, jina kapuni, kava lake la kwanza nilikesha nalo siku mbili bila hata mia. Watu waliposifia, akajibu kafanyiwa na "timu". Roho iliniuma, nikawa nataka kuacha kabisa.

Sasa sijui kama Nishiyama alinung'unika. Ninachokiona ni kwamba Capcom walibaki na jina la gemu, yeye akaondoka na ufundi na watu wake, na hivyo viwili vikamlisha miaka yote iliyofuata. Basi na mimi siachi. Ila bei tunakubaliana kabla sijaanza, na jina langu linakaa kwenye kona ya kava. Hutaki jina, unaongeza hela.

Nyie mnaopiga biti, mnaohariri video, mnaoandikia watu mistari: kazi yako imeshawahi kutrendi bila jina lako? Shuka nayo kwenye komenti. Aliyekufanyia hivyo muweke kapuni, wewe jitaje.