Farasi hapimwi kwa jina la kaka yake

Katika familia nyingi yupo mtoto anayekua kwenye kivuli cha kaka au dada yake. Akifaulu, watu husema ni damu. Akiteleza, huulizwa mbona mwenzake hakuwa hivyo. Uingereza maneno hayohayo husemwa kila mwezi Machi kuhusu farasi, tena kukiwa na fedha nyingi mezani.

Mahali penyewe ni Cheltenham, ambako kwa siku nne hufanyika tamasha kubwa la mbio za farasi wa kuruka. Aliyezoea mbio za Ngong, Nairobi, amewaona farasi wakikimbia kwenye tambarare. Cheltenham sifa hutafutwa kwa kuruka, na mwisho wa njia ni mlima unaomaliza pumzi.

Siku ya kwanza hufunguliwa na mbio iitwayo Supreme Novices' Hurdle, ya viunzi kwa farasi wanagenzi. Mwanagenzi hapa ni farasi ambaye msimu ulipoanza alikuwa hajashinda mbio yoyote ya viunzi. Wengine hufika wakiwa wameruka mbele ya watu mara mbili au tatu tu. Ugumu unaanzia hapo: utampimaje ambaye bado hana historia?

Njia ya mkato ni kutazama ukoo na bei. Mwaka 2020 farasi aitwaye Jonbon aliuzwa mnadani kwa pauni 570,000. Alikuwa ameonyesha uwezo kule Ireland, lakini kila aliyemtaja alimtaja pia Douvan, kaka yake wa baba na mama mmoja, aliyeshinda Supreme mwaka 2015. Jonbon alipelekwa kwa mkufunzi Nicky Henderson akiwa tayari amebeba jina la mwenzake mgongoni.

Mwaka 2021 Henderson alimpokea kijana mwingine, Constitution Hill, aliyenunuliwa kwa pauni 120,000, chini ya robo ya bei ya Jonbon. Katika mbio yake kule Ireland alikuwa ameshika nafasi ya pili. Hivyo zizi moja likawa na wanagenzi wawili, wote wakielekezwa kwenye mbio moja.

Wapimaji makini hawaanzi na bei. Kwanza hutazama namna farasi anavyoruka. Kiunzi si kirefu, ni kama mita moja na kidogo, na mwanagenzi mwenye wasiwasi hukirukia juu mno, akatua amesimama, kisha akalazimika kuanza upya kutafuta kasi. Aliyekomaa hukipita kwa chini na kutua akikimbia. Katika viunzi vinane, hatua moja anayookoa kila mara huwa pengo kubwa mwishoni.

Pili, huuliza alimshinda nani. Kuwaacha wadhaifu mbali sana kunaweza kusema machache kuliko kumpita mwenye nguvu kwa shingo. Tatu, hutazama tabia. Farasi anayevutana na mpandaji tangu mwanzo, au anayefadhaishwa na kelele za maelfu ya watu, huufikia mlima akiwa hana kitu.

Nne ni umbali. Supreme ina takribani kilomita 3.3, mbio ya wanagenzi ya siku ya pili ina kama kilomita 4.2, na ile ya Ijumaa inakaribia kilomita 4.8. Mwenye kasi akipelekwa ya Ijumaa anaweza kuonekana mzembe, kumbe amewekwa darasa lisilo lake.

Kwa vipimo hivyo, Constitution Hill alikuwa ameanza kujieleza mwenyewe. Alikuwa ameshinda mara mbili Sandown, mara zote kwa nafasi kubwa, mara moja kwenye tope zito. Jonbon naye alikuwa hajapoteza mbio hata moja.

Machi 15, 2022 walikutana. Dysart Dynamo aliongoza kwa kasi, kisha akaanguka zikiwa zimebaki ruka chache. Constitution Hill alishika usukani na kuupanda mlima peke yake, akashinda kwa urefu wa farasi 22. Muda wake ulikuwa bora kuliko wa mabingwa wakubwa walioruka viunzi siku hiyohiyo. Wa pili alikuwa Jonbon.

Je, Jonbon alifeli? Hapana. Alihamishiwa kwenye vizuizi vikubwa zaidi, na huko akashinda mbio ya Tingle Creek mwaka 2023 na tena 2024. Alihitaji kuwekwa mahali pake na kupimwa kwa miguu yake.

Kuna upande mwingine ambao mpimaji mwaminifu haufichi. Kuruka kwa kasi ni hatari. Mwaka 2018 farasi sita walikufa wakati wa tamasha, na mamlaka ya mbio za farasi Uingereza ilifanya mapitio ya usalama. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkufunzi ni kama kijana wake yuko tayari, kabla hata ya kuuliza kama atashinda. Wapo wanaobakishwa nyumbani mwaka mzima huku wenye mali wakinung'unika, na uamuzi huo unaweza kuwa ndio bora wa msimu.

Hata kipimo kizuri hakidumu milele. Constitution Hill alitwaa ubingwa wa viunzi, Champion Hurdle, mwaka 2023. Aliporudi 2025 akitarajiwa na wengi, alianguka. State Man naye akaanguka kwenye kiunzi cha mwisho akiwa mbele. Aliyeshinda ni Golden Ace, farasi jike ambaye mwaka mmoja nyuma alishinda mbio ya majike wanagenzi palepale, na wachache walimdhania. Ndiyo maana fedha ya ada ya shule haiwekwi kwenye miguu ya farasi, hata aliyepimwa na mabingwa.

Mzazi mwenye watoto wawili anaweza kuchukua swali moja kutoka kwa wapimaji hao: huyu, leo, anaruka vipi? Jibu hupatikana kwa kumtazama yeye, kiunzi kwa kiunzi. Jina la kaka yake linaweza kusubiri.