Kabla hujauza ng'ombe, uliza cheti

Kalemela, wilayani Busega, mtu yeyote mwenye sare kwenye zahanati huitwa nesi. Ndiyo maana mama mmoja hakushtuka alipoambiwa binti yake, aliyemaliza kidato cha nne, atasoma mwaka mmoja tu na kuwa nesi. Fedha za pamba zilikwisha kulipa madeni, hivyo baba alishachagua ng'ombe wawili wa kupeleka mnadani.

Siku mbili kabla ya mnada, mama alichukua karatasi ya matokeo ya binti na kumfuata muuguzi.

"Shikamoo mama," muuguzi alisema, akaisoma. "Hiyo kozi ya mwaka mmoja ni ya mhudumu wa afya. Si uuguzi."

Akamfafanulia. Mhudumu wa afya husafisha wodi na vifaa, hutandika vitanda, humsaidia mgonjwa na hupeleka sampuli maabara. Ni kazi ya heshima, na serikali huiajiri. Lakini cheti chake hakimruhusu kuzalisha.

Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu. Inataka ufaulu wa D nne au zaidi, zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, kisha usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Binti alifaulu yote isipokuwa Fizikia.

Ipo pia njia ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, chini ya mpango uliozinduliwa Januari 2024. Mafunzo ni miezi sita. Huyu hupita nyumba kwa nyumba, hufuatilia wajawazito na watoto, na hupata posho, si mshahara.

Usiku ule mama aliweka yote mezani. Baba akamgeukia binti: "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Nataka kuzalisha, baba."

Wakakubaliana arudie Fizikia Novemba, kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mzazi, kabla ya kulipa ada uliza mambo matatu: chuo kimesajiliwa na NACTVET? Cheti kitaandikwa kada gani? Matokeo ya mwanao yanamruhusu kusoma nini? Kisha muulize mwanao anataka kazi ipi.

Ng'ombe wale wawili bado wako zizini. Wanasubiri Fizikia.