Stesheni ya Dar: reli ya mizigo inapomrudisha mzazi nyumbani

Mtoto anayekulia Mazinde haulizi reli ni nini. Ameizoea, kama alivyoizoea milima ya Usambara iliyo juu yake na mashamba ya mkonge yaliyo mbele yake. Hapa tunazungumzia Mazinde ya bondeni, ile unayoikuta baada ya Mombo ukielekea Same, si Mazinde Juu ya Lushoto ambako wazazi wengi wanasomesha mabinti zao.

Mwulize mtoto huyo swali moja tu: reli hii inaishia wapi? Wengi watataja Moshi au Arusha, kwa kuwa ndiko mabasi yanakoelekea. Upande wa pili wa jibu ni baharini, na hiyo ni sababu nzuri ya kupanga safari ya familia likizo ijayo.

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Mwaka huohuo Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge katika pwani yetu. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, ikapita chini ya milima hii na kufika Moshi mwaka 1911. Kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha mazao hadi melini. Kumrudisha mama nyumbani kabla ya giza hakukuwa kwenye hesabu.

Kwa miaka mingi reli ya Mazinde ilikuwa inakupeleka Tanga, si Dar es Salaam. Mwaka 1963 kilikamilika kipande cha kutoka Mnyuzi hadi Ruvu, na hapo reli ya Tanga ikaungana na Reli ya Kati. Tangu hapo, reli inayopita Mazinde ina mwisho mwingine baharini: Stesheni ya Dar es Salaam.

Kwa nini iko pale ilipo

Ukifika Dar, Stesheni haikusumbui kuipata. Iko katikati ya jiji, jirani na bandari. Kutoka hapo hadi zinakopandiwa boti za Zanzibar si mbali, na ukiendelea kuifuata bahari unafika Kivukoni, kwenye pantoni ya Kigamboni na soko la samaki la Feri.

Mweleze mwanao kwamba Stesheni haikuwekwa pale kwa bahati. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Vyuma, mataruma na vichwa vya treni vilikuja kwa meli, na mazao yalitakiwa kuondoka kwa meli. Kwa hiyo reli ilianzia pale meli zinapotia nanga. Ni sababu ileile iliyoipeleka reli ya Mazinde hadi bandari ya Tanga.

Saa ya jioni

Lakini sura ya Stesheni inayomhusu zaidi mzazi haimo kwenye historia hiyo. Imo kwenye saa za kwenda na kutoka kazini.

Dar es Salaam ilikua kuelekea pembeni. Kazi, ofisi na maduka makubwa vilibaki mjini, watu wakajenga Gongo la Mboto, Pugu, Tabata, Kimara na Mbagala. Kila mzazi wa Dar anajua maana yake: unaondoka watoto wamelala, unarudi watoto wamelala. Kazi za shule anakagua dada wa kazi, na habari za darasani unazipata Jumamosi.

Oktoba 2012 ilianza treni ya abiria wa mjini kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa. Watu waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Baadaye ikaja ya Pugu. Reli ilikuwa ipo miaka mia moja, ikipita katikati ya Buguruni na kwenda Pugu, huku watu wakikwama kwenye foleni kandokando yake. Kilichoongezwa ni mabehewa ya kuwabeba.

Treni haina anasa. Watu husimama, hubanana, mwingine na ndoo, mwingine na mfuko wa mboga. Ila haikai foleni nyuma ya lori. Kwa fundi, muuguzi au mama mwenye meza sokoni, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atakula na wanawe au atakuta chakula kimefunikwa.

Jirani na majengo ya zamani sasa ipo stesheni ya SGR, ndefu na ya vioo. Juni 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kwenda Morogoro, na baadaye Dodoma. Watoto wataikimbilia hiyo kwanza, na ni haki yao. Wapeleke, kisha warudishe kwenye reli ya zamani. Wapime kwa macho: ile ya zamani ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, mpya ina milimita 1,435. Hapo watajifunza hesabu bila kujua.

Ukienda na watoto

Uliza ratiba stesheni siku moja kabla, kwa sababu treni za mjini hufuata saa za kazi na hubadilika. Wenye watoto wadogo wasiende saa ya msongamano wa jioni. Kaeni pembeni muutazame tu. Mwekee kila mtoto namba yako ya simu mfukoni, na mkubaliane mapema mahali pa kukutana mkipotezana. Relini mtoto ashikwe mkono, hata kama treni haionekani.

Baada ya hapo tembeeni taratibu kuifuata bahari hadi Feri, mle samaki, mpumzike.

Mkiwa mmekaa, zungumzeni. Reli hizi zilijengwa na wakoloni ili mali ishuke baharini. Leo, kila jioni, kipande kimoja kinafanya kazi ya kinyume: kinatoa watu ukingoni mwa bahari na kuwapandisha kwao. Hakuna aliyeng'oa chuma wala kubadili njia. Tulibadili tu jibu la swali la nani anabebwa.

Kwa hiyo siku nyingine ukisikia mradi wa usafiri unazinduliwa, iwe Dar au kwetu bondeni, usiishie kuuliza umegharimu kiasi gani na una kasi gani. Uliza pia utamfikisha mzazi nyumbani saa ngapi. Watoto wetu wanaijua saa hiyo kuliko sisi, maana wao ndio wanaosubiri.