Uchungu wa Ile Dawa ya Maji

Mtoto wa marehemu dada yangu aliletwa kwangu Kesses akiwa na umri wa mwaka mmoja, na dawa yake ikaja naye: lopinavir na ritonavir, ya maji. Dada alikuwa amepewa nevirapine akiwa mjamzito ili asimwambukize mtoto virusi vya UKIMWI. Virusi vinavyopenya hapo mara nyingi huwa vimeshaizoea nevirapine, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa aina hiyo waanzishiwe lopinavir.

Muuguzi Eldoret alinieleza inavyofanya kazi. Virusi vikizaliana hutoa protini ndefu, na kimeng'enya kiitwacho protease huikata vipande ili virusi vikomae. Lopinavir hukiziba kimeng'enya hicho kisikate. Ritonavir, kidogo tu, hulizuia ini lisiivunje lopinavir mapema.

Nilielewa. Kazi ilikuwa kumnywesha. Asilimia 42 ya dawa ile ilikuwa alkoholi, na uchungu wake haukutolewa na maziwa wala sukari. Asubuhi na jioni mtoto alikaza meno, akalia, akatapika, nami nikapima upya. Chupa nayo ilitaka baridi, na kwetu hakukuwa na stima. Friji ya soda ilikuwepo dukani, lakini nani angepeleka chupa huko? Kabla ya jua kutua kila jirani angejua. Niliiweka kando ya mtungi wa maji. Bahati nzuri, Kesses iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, kuna baridi. Mama wa Mombasa sijui alifanyaje. Wengine tuliokuwa nao kliniki walitupa maboksi njiani wakabaki na chupa isiyo na maelezo, wakaificha kwenye kikapu chini ya sukuma.

Alipokua kidogo alihamia vidonge, ila havikuruhusiwa kusagwa, kwa kuwa vikisagwa mwili haupati dawa ya kutosha. Nilimfundisha kumeza kwa vipande vya ugali. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha chembechembe za lopinavir kutoka kampuni ya Cipla ya India, za kunyunyizwa kwenye uji uliopoa, bila friji. Zilijaribiwa hapa Kenya pia. Zilipunguza mzigo, lakini uchungu haukwisha.

Dawa ya kwanza ya kundi hili la kuziba protease, saquinavir, iliidhinishwa kwa watu wazima Desemba 1995. Kidonge cha dolutegravir cha watoto, kinachoyeyuka majini na chenye ladha ya stroberi, kilifika Kenya 2021. Dolutegravir si ya kundi hilo, lakini ndiyo iliyowaondolea wachanga chupa ile. Miaka hiyo yote kati ya tarehe hizo mbili inaniuma. Wenye makampuni na wenye fedha walijua watoto wapo. Waliwangojesha kwa sababu soko lao lilikuwa dogo na la maskini.

Wangu sasa anameza dolutegravir ya watu wazima, kidonge kimoja kwa siku. Dawa za kuziba protease, atazanavir na darunavir, bado zinawaokoa wale ambao dawa za kwanza zimewashindwa. Juzi kliniki mama mmoja kijana alikoroga kidonge cha mwanawe kwenye kijiko cha maji, mtoto akanywa na kudai kingine.