Ukifika Bukoba, Agiza Ndizi

Mgeni ashukaye stendi ya Bukoba mara nyingi hukimbilia chipsi. Atashiba, lakini hatakuwa ameionja Kagera. Afadhali aende kwa mama lishe wa sokoni wakati wa mchana, aagize ebitoke, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage mpaka zikalainika na kugeuka manjano. Mwenye nafasi aongeze sato wa Ziwa Viktoria. Majira ya senene, hasa Novemba na Desemba, asikose kuonja senene waliokaangwa kwa chumvi.

Ukishika njia ya kusini kwenda Muleba, utaviona vibanja kandokando ya barabara, migomba na mibuni ikiota pamoja, nyumba katikati. Huko ndiko chakula chako kilikoanzia. Lakini mnamo mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko uliingia mkoani. Migomba ilikauka, mikungu ikaoza, na familia nyingi zilizozoea kukata ndizi uani zikageukia ugali. Wakulima wameukabili kwa kung'oa migomba iliyougua na kuvunja ua dume kwa mti wenye panda, kwa kuwa kisu hueneza ugonjwa.

Basi, hata katika migahawa ya Muleba, kabla ya kuagiza wali uliza kwanza kama ndizi zipo. Fedha yako itarudi kibanjani. Na ukikaribishwa nyumbani ukapewa buni za kutafuna, zipokee: hiyo ndiyo karibu ya Wahaya.