Picha Ina Mwezi Wake

Mpiga picha anaweza kudanganya bila kuchezea chochote. Anachohitaji ni kuchagua siku tu.

Niliyaona hayo mwishoni mwa Septemba, kundi letu lilipofika Ifakara kwa warsha ya upigaji picha. Tulifikia Katindiuka, tukapewa kazi ya mambo mawili: daraja na majani. Kwanza mwalimu alituonyesha picha za jimbo la Vermont, Marekani: madaraja ya mbao yaliyoezekwa paa, na nyuma yake miti yenye majani mekundu na ya dhahabu. Mwenzetu mmoja akauliza, paa la nini darajani, kwani mtu anavuka kwa dakika ngapi hata aogope kunyeshewa? Mwalimu akajibu kwamba paa lile halikuwekewa watu. Limewekewa mbao zinazobeba daraja, zisilowe zikaoza.

Kesho yake tukaenda Daraja la Magufuli, linalovuka Mto Kilombero kuelekea Ulanga na Malinyi. Lilizinduliwa Mei 2018, na urefu wake ni mita 384. Siku ile mto ulikuwa umenywea. Kwenye lenzi daraja lilionekana kubwa kupita kazi yake. "Mbona wamelirefusha hivi?" akasema kijana aliyetoka Dar es Salaam.

Mzee mmoja alikuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la mpunga. Tukamwamkia. "Marahaba, wanangu," akasema. "Mmeukuta mto umelala. Njooni masika ndipo mpige picha." Akatusimulia enzi za kivuko: foleni za magari, wagonjwa waliokwama ng'ambo, na Januari 2016 kivuko kilipopinduka mtoni. Kijana wetu akalitazama tena daraja, safari hii bila kamera. Waliolijenga waliupima mto wa Aprili.

Alasiri tukaelekea upande wa milima ya Mahenge, kwenye miombo. Miti ilikuwa myekundu, mingine rangi ya shaba, mingine ya waridi. "Vermont yetu hii!" wakashangilia wenzangu. Rangi zinafanana kweli, ila maana zinapishana. Kule jani linageuka rangi kwa kuwa baridi inakaribia. Mti unaacha kutengeneza klorofili, kisha jani linaanguka. Kwenye miombo, jani jekundu ndiyo kwanza limechipua. Wekundu wake unalikinga na jua kali mpaka likomae na kuwa kijani. La ajabu zaidi, linachipua wiki kadhaa kabla ya mvua, vumbi lingali linatimka. Mti unatumia maji uliyoyaweka shinani, na yale ambayo mizizi yake mirefu inayafikia. Mgeni mwenye haraka angepiga picha ile na kuandika chini yake: msitu unakauka.

Nasi tunaandika maneno ya namna hiyo chini ya watu. Mama anayepeleka vielfu vyake kwenye kikoba kila wiki, huku majirani wakinunua vitenge vipya, tunamwita bahili. Kijana anayejifunza ufundi umeme ilhali kijijini kwao nguzo hazijafika, tunamcheka. Tumewakuta kiangazi, tukaona wamezidisha. Kumbe wamejipimia msimu ambao haujafika.

Sisemi kwamba kila kinachozidi kina busara ndani yake. Bahili wa kweli wapo, na yapo madaraja yaliyojengwa mahali pasipo na mto. Ila tofauti hiyo haionekani kwa jicho la siku moja, hata likiwa na lenzi ya bei kali. Anayeijua ni aliyekaa pale masika na kiangazi: mzee wa baiskeli, jirani wa miaka mingi, mke, mume. Kumuuliza hakugharimu kitu zaidi ya salamu na muda wa kusikiliza, na hivyo viwili ndivyo tunavyovibania tukiwa na haraka ya kuhukumu.

Siku hizi kila picha ninayoihifadhi naiandikia mwezi ilipopigwa. Na mtu akinishangaza kwa anavyoishi, kabla sijasema neno najiuliza nimemkuta mwezi gani.